Jokeri na Gunia la Pamba

Mama na mimi tulikuwa uani tukitenga pamba: safi gunia hili, fifi, ile yenye madoa, gunia lile. Mkono wangu mmoja ulikuwa kwenye simu, kwenye mashindano ya karata. Mpinzani alibakiwa na karata moja. Nikamtupia jokeri, akaokota tano, nikamaliza mchezo. Nilishangilia hadi kuku wakakimbia. Mkono mwingine ulikuwa ukijaza ovyo, bila macho.

Kwenye kituo cha kuuzia pamba, hapa Bariadi, karani alilimwaga gunia letu la safi mbele ya foleni nzima. Fifi ilikuwa imejaa. Mama akapiga magoti kuichambua. "Nisamehe baba, macho yangu yamezeeka," akamwambia karani.

Mimi, mpumbavu mkubwa, nikanyamaza.

Mpaka leo, kila akijaza gunia, ananiita nimkagulie.