Posa yangu ilivyokwama kwenye dirisha la ndege ya kivita

Wakuu, poleni na majukumu. Uzi huu hauna chumvi, aliyeko Zombo anaweza kwenda kumuuliza mkwe wangu mwenyewe.

Mimi ni fundi simu hapa Mikumi. Muda wa ziada naandika hadithi za kijasusi, zile za kusambazwa WhatsApp.

Stelingi wangu, yaani shujaa mkuu, ni rubani wa jeshi letu la anga, tena jasusi. Sehemu ya tisa anaruka chinichini juu ya uwanja wa ndege wa Mikumi, twiga wanakimbia, anafungua dirisha la ndege ya kivita na kudondosha bahasha ya siri.

Mashabiki walinisifia mpaka nikavimba kichwa.

Sasa nikampenda Zuhura, mwalimu, kwao Zombo. Baba mdogo akaenda kama mshenga na barua ya posa. Katika kunipamba, akataja kwamba zile hadithi naandika mimi.

Kumbe baba yake Zuhura ni fundi mstaafu wa ndege za jeshi. Alifundishwa na Wachina, akahudumia ndege wakati wa vita vya Kagera. Na hadithi zangu alikuwa anazisoma zote, kwa hasira.

Jibu likaja: kijana aje mwenyewe.

Muoaji huwa haitwi hivyo, wakuu. Nilipanda bodaboda mpaka Zombo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hebu nieleze, dirisha la ndege ya kivita linafunguliwaje?"

Nyuma ya pazia nikamsikia Zuhura anacheka.

"Hadithi zenu shujaa ni rubani tu," mzee akasema. "Sisi tuliolala chini ya mabawa hatumo. Ndege hairuki mpaka fundi asaini. Karekebishe, posa itasubiri."

Iliniuma, maana alisema kweli.

Nikaandika upya. Dirisha nikalifuta, kumbe la ndege ya kivita halifunguki angani. Nikaweka fundi wa Zombo anayegundua nati imelegezwa na adui, anagoma kusaini, na stelingi anapona kwa sababu yake. Baba mdogo akapeleka. Siku nne sikula vizuri.

Karatasi zikarudi na wino mwekundu kila mahali, hata bisibisi ya kufungia nati alinirekebishia iwe spana. Mwishoni kaandika: "Imekaguliwa. Iruke." Na sahihi.

Nyuma yake kulikuwa na barua yangu ya posa, nayo ameisaini.

Funzo: kabla hujaandika habari za ndege, mtafute aliyeipaka grisi.

Tumeshaoana. Sehemu ya kumi imechelewa kwa sababu mkwe hajasaini, tunabishana kuhusu parachuti. Mwenye mkwe mkaguzi kama wangu ashushe yake hapa tufarijiane.