Samli Ndani ya Kompyuta

Juzi nilikuwa Katesh kwa fundi, nikisubiri redio yangu, alipoingia mwalimu kutoka Getanuwas amekumbatia kompyuta aliyoiunda mwenyewe kwa vipuri vya Arusha. Nasema kompyuta, alichobeba ni kasha lake tu, kioo alikiacha nyumbani. Nyuma yake alikuja mama yake mzazi.

"Inaunguruma tu, haiamki," alisema mwalimu. "Na mtihani wa Jumatatu wa kidato cha nne umo humu. Sina nakala."

Fundi alimpa mama shikamoo, akafungua kasha, kisha akaruka nyuma.

"Mwalimu! Umekaanga nini humu?"

Vibao vya kumbukumbu viling'aa mafuta. Mimi nilijikuta nimesimama.

"Ni samli," alisema mama kwa utulivu. "Ndama akizaliwa nampaka. Bibi harusi akiingia nampaka. Hiki kimeingia kwangu, hakuna aliyekibariki. Jana mwanangu alikiacha wazi, nikakipaka."

"Mama, umeniua!"

Fundi alichomoa vile vibao, akavisafisha kwa spiriti, akavirudisha, akaunganisha kioo cha dukani. Mashine iliamka. Mtihani ulikuwa mzima.

"Mmeona?" alisema mama. "Baraka huchelewa, lakini hufika."

Tumeletewa mkoa mpya uliomegwa kutoka Arusha, soko huria na kompyuta, wala hakuna aliyetueleza vitu hivi hukaribishwaje nyumbani. Mama alitoa kibuyu kidogo, akachovya kidole ili ampake fundi kwa shukrani. Fundi aliinamisha kichwa kwa heshima, lakini mikono yake yote miwili ilikuwa imefunika kasha.