Usafi wa Mzee Kioo

Mume wa dada yangu ameendesha magari ya kituo cha afya kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hajawahi kuacha tope lilale kwenye gari lake. Wenzake wanamwita Mzee Kioo, kwa sababu ukitaka kuchana nywele unasimama tu mbele ya mlango wa gari analoendesha. Mimi ni shemeji yake, kwa hiyo nina ruhusa ya kumwita na majina mengine.

Gari lake la zamani alikuwa analiosha mpaka injini. Anafungua boneti, anapiga maji ya presha mle ndani, anafuta, basi. Lile gari lilikuwa chuma, likioga linakauka na safari inaendelea. Kisha likaja jipya, refu, jeupe, limejaa kompyuta kila pembe. Mwalimu aliyekuja kulikabidhi aliwaambia madereva neno moja na akalirudia mara tatu: msipige maji kwenye injini. Akawapa karatasi wakasaini, na shemeji akasaini kwa ule mwandiko wake mzuri. Lakini mazoea yana taabu.

Mimi ni fundi umeme wa magari, na haya magari mapya siyapendi, nasema wazi. Zamani gari likigoma unalisikiliza, unanusa, unagusa waya. Siku hizi taa kumi zinawaka kwa mpigo, gari linagoma kwenda, na halikuambii linaumwa wapi mpaka ulichomekee mashine ambayo nayo inataka mtandao.

Alhamisi moja, saa tisa alasiri, akanipigia simu.

"Shemeji, gari imezima."

"Uko wapi?"

"Kwenye mto mkavu, katikati kabisa ya mchanga. Niko na mkunga na mama mjamzito, mtoto ametanguliza mkono. Huyu ni wa kupasuliwa leo hii hii. Na mama mkwe wake yumo."

"Mvua je?"

"Hapa hakuna. Ila kule juu kumefunga, kweusi."

Mto wa mchanga haungoji mvua inyeshe pale ulipo wewe.

"Isukumeni basi mtoke."

"Haisukumiki. Ilivyozima tu ikajifunga breki yenyewe, na gia haitoki. Matairi yamekaza hayo, hata kutikisika."

Gari lile la zamani watu watatu wangelisukuma. Hili lilikuwa linawalinda abiria wake kwa kuwafungia njiani.

Swali langu la kwanza lilikuwa hili: "Uliiosha injini?"

"Sijaigusa," akasema, haraka mno.

Nilijua. Mtu uliyekula naye meza moja miaka yote hiyo unamjua hata kwenye simu. Lakini ni mkubwa wangu, na kumwita mwongo huku mkunga anasikia lilikuwa jambo zito kwangu. Kwa hiyo nikafuata jibu lake. Nikamwambia akaze vichwa vya betri, akakaza. Nikamwambia atazame fyuzi, moja baada ya nyingine, akatazama. Kila akijaribu kuwasha ananiambia, "Bado." Nyuma yake nilimsikia yule mjamzito akilia kwa sauti ya chini, ya mtu aliyechoka hata kulia. Mkunga alikuwa anamwambia, "Usisukume, mama. Pumua tu, usisukume."

Kisha mkunga mwenyewe akachukua simu.

"Fundi, maji yameshafika. Bado madogo, yako kwenye vifundo vya miguu. Nifanye nini na huyu mgonjwa?"

"Mrudishie simu dereva. Aende nayo mbele ya gari, peke yake."

Aliposhika simu nikamwambia, "Shemeji, nimekutania tangu ulipomwoa dada yangu na hujawahi kununa. Sasa sikutanii. Uliiosha?"

Nikasikia maji yakipita.

"Asubuhi," akasema. "Nilipiga presha. Lilikuwa na vumbi jingi, shemeji."

Nilitaka kuibamiza simu ukutani. Badala yake nikamwelekeza: upande wa kulia, chini, kuna plagi ya kijivu yenye nyaya nyingi, ichomoe.

"Inatoka maji," akasema.

"Ikung'ute. Ikaushe, kila pini. Mwombe mkunga kitambaa cha kufungia vidonda, kisiache nyuzi. Kisha toa waya wa betri, hesabu mpaka mia, urudishe."

Nilimsikia akihesabu. Alipofika sitini na kitu mama mkwe alipiga yowe kwamba maji yanapanda, naye hakuruka hata namba moja. Kisha injini ikaunguruma, na simu ikakatika bila kwaheri.

Kesho yake nilikwenda hospitali na mashine yangu kulikagua gari. Mama alikuwa hai, mtoto naye hai. Ila ule mkono uliotangulia ulikuwa umevimba na kupiga weusi kwa kubanwa muda mrefu, umefungwa bendeji, na daktari alisema hajui bado kama utakuja kushika kitu.

Mama mkwe alitukuta mimi na shemeji kwenye korido, mtoto kifuani. Akamweka mikononi mwa shemeji.

"Mpakate, baba. Tumempa jina lako. Lile gari la shetani lilitaka kutumaliza wote, wewe ukalishinda."

Mkunga alikuwepo, naye pale mtoni alisikia "sijaigusa," kisha akaombwa kitambaa cha kukaushia injini. Akatazama sakafu. Nami nitasema kweli yangu: niliomba moyoni shemeji anyamaze. Karatasi aliisaini, na dada yangu anakula kwa kazi ile. Kila mtu alikuwa tayari kulilaumu gari, mimi nikiwa wa kwanza.

Shemeji alimtazama mtoto.

"Mama," akasema, "gari halikuwa na kosa. Mimi nilipiga maji kwenye injini, na nilikuwa nimekatazwa. Huyu fundi aliponiuliza, nikamdanganya."

"Ukamdanganya?"

"Ndiyo, mama. Baadaye ndiyo nikasema."

"Baadaye lini?"

Angeweza kujibu, "Baada ya muda kidogo." Hakuna aliyekuwa ameshika saa, labda yeye peke yake.

"Dakika ishirini," akasema.

Yule mama akautazama mkono wa mjukuu wake, ule wenye bendeji. Akanyoosha mikono yake yote miwili, akamchukua mtoto, akarudi naye wodini.