Usianze na Kile cha Dagaa

Nilichagua kitabu kwa kuangalia jalada, na hilo lilikuwa kosa lenyewe. Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ana duka la steshenari Bunda. Akimaliza kutoa kopi za mitihani na kuchapa barua za watu, anaandika hadithi za kutisha. Anazichapa mwenyewe, anazibana pini, anazivalisha jalada la rangi. Alikuwa amenipa vinne. Kimoja kilikuwa na kaburi kwenye jalada, kimoja jicho, kimoja ungo, na kimoja dagaa walioanikwa mchangani. Kaburi na jicho sikuvigusa. Ungo ndio kabisa, maana huku kwetu hakuna asiyejua ungo unafanya kazi gani kwenye hadithi ya namna hiyo, na mchawi gani huwa ameukalia akipaa usiku. Lakini dagaa? Mtu wa Musoma akiona dagaa wameanikwa anaona mboga. Nikasema hiki hakina neno.

Sikuwa nasoma kwa kupenda. Mama yangu, aliyeko kijijini Butiama, aliambiwa na wenzake wa jumuiya ya kanisani kwamba mkwe wake anaandika habari za wachawi na wafu. Macho yake hayawezi tena herufi, akanipigia simu. "Wewe ndiye uliyefika fomu foo. Soma uniambie mke wa kaka yako anaandika vitu vya namna gani." Katika ukoo wetu fomu foo yangu inaheshimiwa sana na watu wasioyajua matokeo yake.

Tatizo ni kwamba mimi na vitu vya kutisha hatuelewani. Nikiwa bwenini, wenzangu wakianza kusimulia, nilikuwa naziba masikio kwa shuka na kubana mkojo mpaka asubuhi. Hata sasa napenda nyumba yangu, kiti changu na mlango uliofungwa. Kutoka nje natokaga kwa sababu.

Basi nikakaa barazani, jua la mchana kichwani, nikafungua cha dagaa. Kuna mwanamke anaanika dagaa ufukweni Mwigobero, pale pale tunaponunua. Anaanika, anaenda kunywa uji, anarudi. Ukurasa wa nane anakuta dagaa wake, aliowaacha wamelala ovyo kama dagaa wanavyolala, wamegeuza vichwa wote upande mmoja. Anahamia upande wa pili. Vichwa vinamfuata.

Nilifunga kitabu nikampigia mama. Nikamwambia, "Mama, vinatisha vibaya. Na kimoja kina ungo."

Sikusema nimesoma kurasa nane. Mama naye hakuuliza. Alimpigia wifi siku hiyo hiyo, akamwambia asilete mambo hayo kwenye mji wake, na kama anaheshimu ukoo aache kuyaandika. Wifi si mtu wa kubishana. Akasema sawa mama. Baadaye kaka aliniambia kwamba kitabu cha tano kimekatikia katikati, kompyuta siku hizi ni ya mitihani tu, na jioni mkewe anakaa dukani anapanga kalamu ambazo zilishapangwa. Alivyolisema, nikajua hasemi habari za kalamu.

Jirani yangu ni mama mmoja Mwislamu anayeuza vitenge sokoni, na ukuta wa ua wetu ni mmoja, kwa hiyo hakuna kinachopikwa kwangu asichokijua.

"Dada, mbona dagaa siku hizi huchukui? Mnakula maharage kama mko shule."

Nikamwambia ukweli. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema niletee hivyo vitabu, dukani kukiwa hakuna wateja nasinziaga bure. Alivichukua vyote, na alipovirudisha alikuwa anaviongelea kama watu anaowafahamu.

"Cha dagaa hata mimi nilikiweka chini ya vitenge nikakikalia," alisema. "Hicho ni cha mtu aliyekwisha kumzoea wifi yako. Wewe anza na cha ungo."

"Cha ungo? Wewe unataka nife."

"Ungo ni wa kupepetea, dada. Soma."

Nilisoma nikiwa nimeacha mlango wazi, ili nikipiga kelele asikie. Humo mzee mmoja amefiwa na mkewe. Hajawahi kupepeta nafaka maisha yake yote, kwa hiyo tangu msiba anakula ugali wa ulezi wenye mchanga, anatafuna tu, hasemi. Asubuhi moja anaamka anakuta ulezi umepepetwa, ungo umeegemezwa ukutani upande ule ule marehemu alikokuwa akiuegemeza. Hakuna anayepaa. Hakuna anayekufa, maana aliyekufa alishakufa kabla ya ukurasa wa kwanza. Nywele zilinisimama, ndiyo, lakini sikutaka kufunga kitabu. Nilitaka kujua kama yule mzee atajifunza kupepeta, na nilikuwa naogopa kwamba akijifunza, mkewe hatarudi tena.

Hapo ndipo nilipoelewa kidogo ninachokichukia. Hofu yenyewe naiweza. Nisichokiweza ni kuogopeshwa na mtu ambaye sijajua kama ananitakia mema. Baada ya cha ungo nilimjua wifi. Nikasoma cha jicho, nikasoma cha kaburi, nikarudi kwa dagaa wangu nikawamaliza, mchana, nikiwa nimekaa karibu na jirani. Bado wanatisha. Lakini mwisho wake yule mwanamke anajua kwa nini walikuwa wanamwangalia, na sitasema.

Ikabidi niende Butiama, mimi mwenyewe, kwa miguu yangu na gari la watu. Kwenye simu nilishaonyesha uwezo wangu.

Nilimkuta mama uani anapepeta mtama. Nikamwambia nakusomea kile cha ungo, akasema kwenye mji huu hakisomwi. Nikaanza kusoma. Alinigeuzia mgongo, lakini mkono wake ulikuwa unapepeta taratibu zaidi.

"Huyo marehemu anapepetea ndani ya nyumba?" aliuliza nilipofika katikati.

"Ndani, mama."

"Makapi anapeleka wapi?"

"Haijasemwa."

"Mwambie aseme. Mtu hapepetagi ndani." Akaongeza, "Baba yenu naye angekula mchanga." Baba alikuwa amekaa pale pale anatengeneza mpini wa jembe, akajifanya anaongea na mpini.

Nilipomaliza, mama aliweka ungo chini, akafuta macho kwa ncha ya kanga, akasema ni vumbi la mtama. Kisha akaniangalia. "Mbona uliniambia mke wa kaka yako anatisha? Huyu ana huruma."

"Nilianza na kibaya, mama. Na sikukimaliza."

"Basi aendelee kuandika. Na wa jumuiya wakija kuuliza, utakuja wewe uwasomee."

Nikakubali, huku nikihesabu moyoni ni mara ngapi nitalala nje ya kitanda changu. Nilipofika barabara kuu nilikuta gari la Bunda na gari la Musoma yamesimama yanaita abiria. Nilipanda la Musoma.

Jioni nilikaa barazani kwa jirani, nikamsimulia yote: makapi, mpini, vumbi la mtama, na jinsi nilivyosoma kwa sauti bila kukwama. Alinisikiliza vizuri. Nilipotulia akaniuliza wifi amesemaje. Nikamwambia sijampigia bado. Mama atampigia, au kaka atasikia amwambie, halafu Bunda ni mbali na mimi nimechoka.

Alichukua kikombe changu, akamwaga chai iliyobaki, akasema: "Mama yako umemsomea, mimi umenisimulia mpaka chai imepoa, na mwenye vitabu hujamwambia hata pole. Kesho toka humo ndani uende Bunda."