Verediana na Vidonge Visivyokwisha

Saa moja asubuhi, ufukweni Kibirizi, Verediana amekwisha kuinamia dagaa. Anawageuza mchangani kwa viganja vyote viwili, jicho moja kwa kila anayepita. Mwandishi anapojitambulisha, anataka kwanza kujua katumwa na nani.

Ni mwaka 1998. Mjane huyu wa miaka hamsini na mmoja alivuka ziwa kutoka Rumonge, Burundi, vita vilipofika mlangoni kwake. Tangu hapo huanika dagaa wa watu kwa ujira unaotosha unga na mboga ya siku hiyo.

Mwaka jana kizunguzungu kilimpeleka zahanati. Tabibu, Anatoli, alimpima, akamwambia ana presha na kwamba atameza vidonge kila siku, maisha yake yote.

"Nikajiuliza, dawa gani hiyo haina mwisho?" anasema. "Kizunguzungu kilikuwa kimeshaacha. Mtu haumwi popote, unamlisha vidonge vya nini?"

Ufukweni nako kulikuwa na maneno. Ilisemekana wakimbizi wanalegezwa miili ili siku ya kurudishwa kwao wasibishe. Verediana akaunganisha mambo. Kila alipopewa vidonge alishukuru, akaondoka, akavitupa ziwani.

Presha haikushuka. Anatoli, akiamini mama huyu anameza, akamwongezea dozi. Hapo ndipo shaka ilipozidi: kama si hila, mbona wanaongeza?

Asubuhi moja karai la dagaa lilimponyoka. Mkono wa kulia ulikufa ganzi, mdomo ukaenda upande. Melania, Muha mwenyeji wa Kalinzi anayeanika naye, alimpakia kwenye baiskeli ya kukodi kumpeleka zahanati. Njiani alimuuliza kama dawa anameza kweli. Verediana akatikisa kichwa kukana.

Melania ndiye aliyemweleza tabibu. Anatoli hakufoka, alianza upya na dozi ya mwanzo.

Mkono ulirudi taratibu, ila Verediana alitoa sharti. Atameza, lakini kila anapopimwa, Melania atangulie kupimwa kwa mashine hiyohiyo, na yeye Verediana auone mshale wa mashine kwa macho yake, ajue haidanganyi. Miezi ikapita, mshale wake ukawa unashuka.

"Watu bado siwaamini," anasema. "Mshale niliuona mwenyewe."

Anatumaini kurudi Rumonge amani ikipatikana. Kwa kuwa hajui kusoma, amemwomba Anatoli amfundishe jina la dawa kwa mdomo. Analitamka polepole huku akigeuza dagaa: "Me-til-do-pa."

"Nikifika kule nitamtajia mganga wa hospitali," anasema. "Kisha nitamtazama usoni, nione kama anaijua."