Koti la Lenard na Wakili wa Mzambia

Wifi yangu Fidelia ni mtu wa kulima viazi, kuimba sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika, na kunyamaza. Mimi Rebeka ni fundi cherehani, na kunyamaza sikujaliwa. Ndiyo maana watu wa Makambako wakisimulia kesi ya yule Mzambia hunitaja mimi kwanza, maana mimi ndiye niliyepiga kelele redioni. Laiti wangejua! Fidelia alisema maneno machache katika kesi nzima, tena yote ya kweli. Mimi nilisema kila siku, na lile moja lililotakiwa kusemwa nilikaa nalo miaka miwili.

Nianze na kaka yangu. Lenard, mume wa Fidelia, alikuwa mpima mbao. Ukinunua mbao kwenye yadi za barabara ya Njombe, yeye ndiye aliyekuja na futi yake akakuambia kama umepata haki yako au umepunjwa. Kwa kazi ile adui hakosekani. Julai ile, baridi la kukata masikio, aliondoka nyumbani asubuhi na koti lake jeusi la mtumba. Kesho yake wachoma mkaa walimkuta kwenye msitu wa paini, amekufa, amepigwa kichwani, amevaa shati tu. Siku ya tatu polisi wakamkamata dereva wa lori kutoka Zambia, jina lake Musonda, ambaye lori lake lilikuwa limeharibika gia boksi hapa mjini. Alikuwa amevaa koti la Lenard.

Fidelia aliitwa kulitambua. Hata mimi ningelitambua nimefumba macho, kwa sababu bitana yake niliishona mwenyewe kwa uzi wa kijani, mweusi ulikuwa umeniishia. Wakamuuliza, "Mama, hili ni koti la mume wako?" Akajibu ndiyo. Ikawa imeisha hivyo. Musonda akapelekwa mahabusu, sisi tukazika.

Baada ya matanga nilimuuliza Fidelia anataka nini, kama ni anyongwe au afungwe maisha. Alikuwa anamenya viazi. Akasema, "Wifi, mimi nataka nimjue aliyemuua Lenard, na aniambie kwa nini. Nikishajua hilo nitalala." Nikamwambia si tumeshamjua? Akaendelea kumenya.

Sasa, kesi ilipokaribia kusikilizwa tukapata habari kwamba Mzambia amepewa wakili, na anayemlipa huyo wakili ni serikali. Jamani! Nilihisi damu inanichemka mpaka kwenye vidole. Mimi nikikasirika hata cherehani inakata uzi. Kwa mwezi mzima Makambako haikuzungumza kingine. Saluni, mashine ya kusaga, foleni ya mbolea ya ruzuku, kila mahali ni kodi zetu, kodi zetu. Redio ya hapa kwetu ikaweka mada asubuhi: je, ni haki fedha za walipa kodi zimtetee mgeni anayetuhumiwa kuua? Nikapiga simu mara nane mpaka nikapatikana hewani.

Nikasema, "Mimi ni dada wa marehemu. Mke wa marehemu anahangaika na mirathi mwaka wa pili, kila ofisi inamwambia njoo kesho, hakuna aliyempa wakili hata wa nusu saa. Leo aliyemuua mumewe anapewa wakili wa bure, kwa leseni ninayolipa mimi! Kwao hawana serikali? Wamlipie wenyewe!" Weee, simu zilizofuata zote zilikuwa za upande wangu. Mmoja akasema za mwizi arobaini, hapo wakili atafanya nini. Mwingine akataka Wazambia wote warudishwe, na malori yao.

Aliyenipinga ni mmoja tu, mzee Obed, mstaafu wa reli, ambaye mahakama humwita kutafsiri Kibemba kwa kuwa alikaa Mpika, huko Zambia, miaka tisa. Alisema kwa ile sauti yake ya kikohozi, "Mwanangu Rebeka, pole sana. Lakini kesi ya kunyonga kila mtu hupewa wakili, wa kwetu na wa ugenini. Kitanzi hakiulizi pasipoti. Na watoto wetu wangapi wako huko kwao?" Nilimjibu hewani kwamba kama anawapenda sana Wazambia angebaki hukohuko Mpika. Watu walicheka siku nzima. Nikaonekana shujaa, wateja wakaongezeka.

Lakini kuna jambo, na sasa nalisema. Siku ile ya Julai, saa sita mchana, mimi nilimwona Lenard. Dirisha langu linaangalia barabara kuu. Alipita mbele yangu amekaa ndani ya kenta nyeupe, kiti cha mbele, pamoja na Steven, dalali wa mbao. Na alikuwa hana koti. Nakumbuka nilijisemea, huyu naye, baridi hili na shati moja! Nikarudi kwenye cherehani. Alipopatikana amekufa sikuwa na akili ya kukumbuka chochote. Mzambia alipokamatwa na koti, nikakumbuka. Nikajiambia labda Lenard alirudi mjini, labda koti lilikuwa nyuma ya kiti, labda sikuona vizuri. Na Steven si ndiye aliyetoa mbao za jeneza? Si alilibeba hata jeneza lenyewe, analia kama mtoto? Hasira yangu ilikuwa imeshapata mtu wa kumwangukia, sikutaka kuianzishia safari nyingine. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujitokeza. Kuna asubuhi nilikuwa natembea mpaka karibu na kituo cha polisi, nageuza, narudi kushona. Halafu napiga simu redioni.

Mahakama Kuu ilipokuja kukaa Njombe, tulikwenda Fidelia na mimi. Wakili wa Mzambia kumbe ni binti mdogo tu, anaitwa Jenifer, viatu vimeisha kisigino, faili kalikumbatia kifuani. Nikamnong'oneza Fidelia, "Kodi zetu ndiyo zimenunua hiki?" Hakucheka. Musonda alisimama kizimbani amekonda, shati jepesi, anamtazama mzee Obed mdomoni kila kinaposemwa kitu.

Fidelia akapanda kizimba cha mashahidi. Wakili wa serikali, yule wa upande wa mashtaka, akamwonyesha koti, akamuuliza yale yale, naye akajibu yale yale. Kisha yule binti akasimama. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Pole kwa msiba, mama. Nina swali moja. Mume wako aliwahi kumpa mtu nguo yake ya baridi?"

Haki ya Mungu! Jibu nalijua, ukoo mzima unalijua. Fidelia alishika ukingo wa kizimba. Alikuwa na uwezo wa kusema hapana, nani angembishia? Mimi nilikuwa nimekaa benchi la mbele namwomba Mungu aseme hapana. Ndiyo, niliomba hivyo, ndani ya mahakama. Jaji akasubiri, kalamu mkononi.

"Ndiyo," Fidelia akasema. "Mara mbili. Sweta alimpa kichaa wa stendi. Koti la kwanza alimpa mzee mmoja wa Ipelele aliyekuwa anampeleka mkewe hospitali Ikonda. Wiki ileile aliyokufa tuligombana kwa hilo. Nilimwambia ipo siku utarudi nyumbani uchi." Akamtazama jaji. "Polisi hawakuniuliza. Wangeniuliza ningewaambia."

Ukumbi ukaguna. Mtu nyuma yangu akasema, "Mwanamke gani huyu anamtetea muuaji?" Mzee Obed alikuwa anatafsiri polepole, na Musonda akaanza kulia hapo hapo alipo, bila kujifuta. Zamu yake ilipofika akaeleza kwamba siku ile asubuhi alikuwa anatetemeka chini ya lori lake, mtu mmoja mwenye futi mfukoni akasimama, akavua koti, akampa. Hakumjua jina. Upande wa mashtaka haukuwa na kingine zaidi ya lile koti. Baada ya siku nne jaji akamwachia huru, akaagiza koti arudishiwe mjane.

Nje ya mahakama upepo wa Njombe ulikuwa unapuliza kweli. Musonda akamfuata Fidelia, mzee Obed pembeni yake. Mimi nilisimama katikati kama askari. Akasema maneno, Obed akayageuza: "Anasema mumeo alimwambia, ukipita tena utanirudishia. Anasema amechelewa miaka miwili, anaomba umsamehe."

Nilidhani Fidelia atampa lile koti. Watu wengine wangempa, wasimuliwe kanisani. Fidelia alilikumbatia akasema, "Mwambie nimesikia. Mwambie aende salama." Tukapanda gari. 

Mjini walitupokea kwa maneno. Mke gani huyu amemwachia muuaji, walisema. Mjane kahongwa na Wazambia. Redio ikarudisha mada ileile, mtangazaji akanipigia yeye mwenyewe, "Dada Rebeka, tunakungoja hewani." Nikazima simu. Usingizi uliniruka. Nikishona najichoma sindano kidoleni. Maana sasa Fidelia alikuwa hajui tena aliyemuua mumewe, amerudi mwanzo kabisa, na mimi nilikuwa nimekaa na kipande nilichokiona dirishani. Na Steven je? Alishauza yadi yake zamani, akapanda treni. Wanasema yuko Zambia, pande za Kapiri, anauza mbao. Sisemi ndiye. Nasema nilimwona na Lenard.

Wiki hiyo Fidelia alianza kuzunguka. Alivaa lile koti, limemfunika mpaka magotini, akawa anapita kwa kila mtu: mama wa chipsi, mafundi wa matairi, wapakia mbao, dada wa gesti. Akishasalimia, swali lake lilikuwa moja. "Kamwene. Siku ile, ulimwona Lenard hana koti?" Kama alimpa Mzambia asubuhi, basi kuanzia hapo mtu mzima alitembea na shati ndani ya mji wenye baridi la Julai, lazima kuna aliyemwona. Akili hiyo aliipata kwenye swali la yule binti. Watu wakaanza kusema msiba umempanda kichwani. Mimi nikimwona anakuja upande wangu, nafunga dirisha, nasingizia vumbi.

Ijumaa aliingia. Akavua koti, akaliweka juu ya cherehani.

"Nipunguzie mikono, wifi. Linanipwaya."

Nikaligeuza. Uzi wa kijani ukanitazama. Nikachukua mkasi, mkasi ukanishinda.

"Nimeuliza stendi nzima," alisema. "Jana nikakaa pale ng'ambo, nikatazama huku. Dirisha lako linaona barabara yote." Hakupandisha sauti. "Ulimwona?"

Nikasema, "Nilimwona."

Nikamwambia yote, kenta nyeupe, kiti cha mbele, saa sita, Steven. Nililia, nikamshika miguu, nikasema nilidhani, nikasema sikuwa na hakika, nikasema hawakuniuliza. Fidelia alisimama wima vilevile. Alichosema ni kitu kimoja: "Steven alibeba jeneza." Kisha akachukua koti likiwa halijaguswa, akatoka. Nilifunga duka nikamfuata. Alitembea mbele yangu mpaka kituoni, bila kugeuka.

Afande aliyetupokea alikuwa mgeni kituoni, kesi hakuishika yeye. Fidelia akanionyesha kwa kidole. "Huyu ana maelezo ya kifo cha mume wangu. Muulizeni. Hajawahi kuulizwa."

Nilipoanza kueleza, afande aliacha kuandika. Akanitazama vizuri. Miaka miwili? Na mtu yuko mahabusu muda wote huo? Na wewe ndiye yule dada wa redioni? Akafungua karatasi nyingine, sasa ya mtuhumiwa, akasoma kwa sauti ya kiofisi kwamba silazimiki kusema lolote, na kwamba nitakalosema linaweza kutumika kama ushahidi, na kwamba nina haki ya kuwa na wakili, ndugu au rafiki wakati natoa maelezo yangu.

"Unaye wakili?"

Nikafikiria yule binti na viatu vyake vilivyoisha kisigino. Kodi yangu ilikuwa imemlipa aulize swali ambalo mimi nilikuwa na jibu lake, tena bure, kwa miaka miwili. Na huko Kapiri, kama watamshika Steven, kwenye kesi ya kumrudisha huku atakuwa yeye ndiye mgeni kizimbani, na Wazambia ndio watakaogombana redioni.

"Sina," nikasema.

"Ndugu je?"

Sikuthubutu kugeuza kichwa. Nilisikia benchi la nyuma likilia, kisha hatua, kisha kiti kikivutwa pembeni yangu. Fidelia alikaa, koti la Lenard mapajani.

"Mimi ni wifi yake," alimwambia afande. "Andika."

Hakunitazama hata mara moja mpaka nilipomaliza.