Vita vya Chaki

Mdogo wangu alikuwa mwalimu wa hesabu Kibaha, na alipenda mno hadithi za kubuni za sayansi. Likizo moja alikuja nyumbani Maneromango na hadithi aliyoianza mwenyewe. Kwenye nyota mbili za mbali, alinieleza, mataifa mawili yamechoka kuzika watu. Sasa mashine kubwa inayapiganisha majeshi ya hesabu tupu. Ikimaliza, walioshindwa wanatoa ardhi, na hakuna hata mtu mmoja aliyechubuka.

"Niambie kweli, kaka. Watu wanaweza kulikubali jambo hilo?"

Nilikuwa mwinjilisti, nimezoea kuulizwa mambo ya mbinguni, lakini si ya namna hiyo. Nikamwambia tungoje Jumamosi, maana mgambo wa kijiji chetu walikuwa na zoezi dhidi ya wenzao wa Marui. Akaenda kujiandikisha. Alisema anataka kuiona hadithi yake kwa macho.

Mimi nilikwenda kutazama tu. Bunduki zao zilikuwa za mbao, na kila mmoja alipewa kipande cha chaki. Ukichorwa chaki mgongoni umekufa. Unalala palepale kwenye mihogo mpaka mkufunzi apige filimbi. Zoezi halikufika mbali. Mzee mmoja wa upande wetu alichorwa, akakataa kulala.

"Nimekufaje? Huyu kanijia kwa nyuma kama mwizi wa kuku!"

"Umekufa, mzee. Lala," mkufunzi akaamuru.

"Lala wewe. Mimi nina shamba la kupalilia."

Marehemu wengine nao wakaanza kuinuka. Mtu akasukumwa, ngumi zikarushwa, na kijana mmoja wa Marui akatema jino. Filimbi ililia bure. Aliyewatuliza ni Mnyamwezi mmoja aliyehamia Marui zamani, na sisi Wazaramo ni watani wake. Alimwendea yule mzee, akamvuta shati.

"Maiti gani mbishi hivi? Mzaramo hata kufa anataka abembelezwe! Lala tukuzike, ubwabwa unapoa."

Mzee alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalala chali. Wengine wakamfuata.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nikamjibu mdogo wangu. "Mashine hawataikubali. Mtu hukubali kushindwa na yule atakayemtania kesho yake, wakala sahani moja. Mataifa yako yawe watani kwanza."

"Na utani huanzaje, kaka?"

"Wazee walisema utani mwingine ulianza baada ya watu kupigana."

"Basi hadithi yangu imekwama. Kumbe damu lazima itangulie."



Haukupita muda mrefu, adui akavuka mpaka kule Kagera, na waliopitia mazoezi ya mgambo wakaitwa. Mdogo wangu aliitwa pamoja nao. Siku lori lilipokuja kuwachukua, mama alinishika mkono.

"Wewe Mungu anakusikia, mwanangu. Mwambie vita hivi navyo viwe vya chaki."

Nikaweka mkono juu ya kichwa cha mdogo wangu. Nilijaribu kuyatamka maneno ya mama, yakanishinda, kwa kuwa nilijua bunduki za safari hii si za mbao. Nilijua pia kwamba upande wa pili kuna mama mwingine anaomba vilevile. Nikasema tu, "Bwana, unamjua huyu." Mama akaniangalia, akingoja niendelee, na lori likaondoka.

Miezi ile nilihubiri kila Jumapili, na sikuweza kumpa mama neno hata moja la uhakika.

Alirudi. Namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo. Alikula kidogo, akalala mchana kutwa, na mama akakaa mlangoni kuwazuia majirani wasimwamshe. Alikuwa anaongea usingizini, maneno tusiyoyaelewa. Mama akaninong'oneza, "Muombee." Nikapiga magoti kando ya kitanda. Nilikaa hivyo muda mrefu, na sikujua niombe nini.